Kanuni ya Mkono wa Boaz

Masara,
11 Februari 1996

Kaka Dishon,

Salamu nyingi kwako, kwa Milka na kwa watoto. Sisi tuko, Mungu anatulinda, ila mambo ya mume wangu Boaz najua umeyasikia nusu nusu kwa watu wa samaki, kwa hivyo wacha nikueleze mwenyewe.

Ile siku shimo la dhahabu lilipobomoka, Boaz na yule rafiki yake Mkuria, Mirumbe, walikuwa bado hawajafika chini. Boaz alikuwa amesimama kwenye kijukwaa cha mawe katikati ya shimo. Mirumbe alikuwa chini yake, ameshika kamba, ndipo ukuta wa kukanyagia ukaanguka wote. Akabaki ananing'inia. Boaz akaizungusha ile kamba kwenye ngumi yake ya kulia na kushika. Alishika hivyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu wa juu wakitafuta ngazi na kuogopa kuangusha mawe zaidi. Nilikuwa hapo juu na mwiko wa ugali bado mkononi, nimekimbia kutoka hotelini kwangu bila kujijua. Nilimsikia akiimba nyimbo za kanisa, halafu sikumsikia tena.

Wametoka wote wawili wazima. Mirumbe alikuja kwangu jioni ile ile akala ugali na matumbo, akaomba nyongeza. Lakini mkono wa Boaz haujafunguka hadi leo. Ile kamba tuliikata kwa kisu, kipande kilichobaki ndani tukakivuta kidogo kidogo. Ngumi ikabaki ngumi. Tumepiga picha hospitali, mfupa mzima. Daktari Gichana amegonga, amechoma sindano, amevuta, anasema mishipa ni mizima. Mchungaji ameuombea na kuupaka mafuta. Mama mmoja akaleta majani ya kuchemsha.

Kucha zimeanza kuingia kiganjani. Kila asubuhi nasukuma kitambaa chenye maji ya chumvi kati ya vidole, anasaga meno, na bado harufu inatoka.

Wewe ndiye unayefundisha fizikia. Niambie, hofu inaweza kufunga mkono?

Ni mimi dada yako,
Filister


Mfangano,
20 Februari 1996

Dada Filister,

Barua yako imenifikia na imeniuma. Milka amelia, nawe unamjua, si mtu wa kulia.

Umeniuliza swali nami nitakujibu kama nijibuvyo darasani. Nikining'iniza jiwe kwenye springi, springi inarefuka. Nikiongeza jiwe la pili la uzito ule ule, inarefuka tena kiasi kile kile. Ndivyo ilivyo hapa, na ndivyo ilivyokuwa Nakuru kwenye nyumba za polisi tulikokulia. Kitu kikisababisha kingine, iko kanuni inayoviunganisha, na kanuni haichagui mtu.

Sasa chukua hofu. Mirumbe ndiye aliyekuwa anakaribia kufa, si Boaz. Shimo ni hilo hilo, giza ni hilo hilo, kamba ni hiyo hiyo. Kama hofu ndiyo inayofunga mikono, wa Mirumbe ungefungwa kwanza. Yeye akaomba nyongeza ya matumbo! Kwa hivyo ondoa hofu hapo. Kuna kitu mwilini ambacho picha haikukiona. Mrudishe hospitali, wapige picha upya. Na uzidi kumsafisha.

Mwambie shemeji namheshimu kwa alilolitenda.

Kaka yako,
Dishon


Masara,
3 Machi 1996

Kaka Dishon,

Tumerudi hospitali. Picha ni ile ile.

Lakini si hilo linalonifanya niandike. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama sitaki ajue.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa Boaz alijilaza kwenye mkeka nyuma ya hoteli. Mimi nilikuwa nimebeba beseni naenda kumwaga maji. Nikamtazama hivi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kifua, na ulikuwa wazi. Kaka, ulikuwa wazi kabisa! Usiku tunalala gizani, sikuwahi kuuona hivyo. Vidole vimelegea kama vya mtoto aliyeshiba. Niliona hadi vile vidonda vinne kiganjani.

Sikumwamsha. Nilisimama pale na beseni langu, halafu mwanangu Achieng' akaniita kwamba mandazi yanaungua nikaenda. Niliporudi alikuwa amekaa, anapiga miayo, na ngumi ni ngumi.

"Umelala vizuri?" nikamuuliza.

"Vizuri," akasema. "Mkono unauma tu."

Tangu mwezi wa kwanza ni mimi ninayechota maji na kupasua kuni. Ni mimi ninayemfunga vifungo vya shati, nikimkatia na nyama kama mtoto. Sijalalamika hata mara moja. Lakini tangu Jumapili nikimfunga vifungo namvuta shati kwa hasira. Watu wa shimo wanataka arudi kazini hata kama ni kusimamia tu. Najua hataki kuona shimo tena. Si angesema? Mimi ningemkatalia?

Nijibu haraka.

Filister


Mfangano,
12 Machi 1996

Dada Filister,

Basi jibu tumelipata, ingawa si lile nililotaka.

Mfupa uliovunjika hauungani mtu akilala na kuvunjika tena akiamka. Mshipa uliokatika vivyo hivyo. Kama mkono unafunguka usingizini, basi mkono ni mzima, na anayeufunga akiwa macho ni mwenyewe. Hakuna mlango wa tatu hapo. Anaigiza, Filister. Inaniuma kuliandika neno hilo, maana nilikuwa nimeshawasimulia wanafunzi habari za ushujaa wake.

Milka hakubaliani nami. Ameniuliza kutoka jikoni, "Na wewe uliponyimwa cheo cha naibu mwalimu mkuu, tumbo likakuendesha wiki nzima, ulikuwa unaigiza?" Nimemwambia hilo ni jambo jingine. Akasema, "Sawa, lieleze basi." Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Usimpigie kelele. Mwache ajifunge vifungo mwenyewe. Mwache achote maji kwa mkono wa kushoto. Mtu akiona uongo haumfaidii, ataachana nao.

Dishon


Masara,
24 Machi 1996

Kaka,

Boaz ameondoka.

Nilijaribu kufanya ulivyosema, sikuweza. Kucha zilikuwa zinamla nyama. Hata kama ananidanganya, nyama ni nyama. Alhamisi mchana alipolala nilichukua wembe, nikapiga magoti, nikazikata zote tano. Mkono ulikuwa laini kwenye mkono wangu. Nikaupangusa na kuuacha.

Alipoamka akahisi tofauti. Akaja jikoni.

"Nani amenikata kucha?"

"Mimi."

"Umezifikiaje?"

Nilikuwa nakoroga maharagwe, sikugeuka. "Mkono wako ulikuwa wazi, Boaz. Ulikuwa wazi kama huu wangu."

Akasogea hadi kwenye meko. Halafu akasema polepole, "Tangu lini?"

"Tangu uanze kutudanganya," nikamjibu.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye benchi la wateja akiitazama ile ngumi, akajaribu kuingiza kidole cha mkono wa kushoto ndani yake, kikakataa. Kisha akavaa koti, akambusu Achieng' kichwani, akatoka. Nilidhani ameenda kupunga upepo. Ni siku ya tatu sasa. Mirumbe amezunguka mashimo yote hajamwona. Nadhani yuko Muhuru Bay kwa shangazi yake Benta, yule anayeanika dagaa wa omena, lakini sina hakika. Watu wa mashimo wakikata tamaa hufanya mambo.

Tafadhali, ukisikia lolote.

Filister


Mfangano,
29 Machi 1996

Filister,

Kabla hujasoma lolote jingine: Boaz yuko hapa, mzima. Tulia kwanza, ndipo uendelee.

Alifika juzi hapa kisiwani na mashua ya omena iliyotoka Muhuru Bay. Nilikuwa maabara nafunga vifaa, shule imefungwa, nikamwona mlangoni, koti limelowa hadi kwapani. Hakunisalimu.

"Yuora, shemeji yangu," akasema, "mke wangu anasema mkono huu hufunguka nikilala. Wewe ni mtu wa sayansi na ni kaka yake, huwezi kunipendelea. Nataka nilale mbele yako. Ukiona nadanganya, niambie usoni, nitaondoka, na Filister atakuwa huru."

Unajua mila yetu. Mkwe halali machoni pa wakwe zake. Mtu wa umri wa Boaz kuomba jambo hilo ni kama kuvua nguo sokoni. Nilitaka kukataa. Lakini alikuwa hajalala siku mbili, alikuwa anayumba. Nikamtandikia mkeka kati ya meza za maabara, akajilaza kwa aibu, amenipa mgongo, na baada ya muda mfupi akakoroma.

Mkono ukafunguka. Ulifunguka taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeachia kitu asichotaka kianguke kwa kishindo. Nilijisemea, haya, ni kama nilivyoandika. Nikamwita kwa sauti ya chini. "Boaz. Usiinuke. Tazama mkono wako."

Akafumbua macho. Filister, aliuona. Kwa kitambo kidogo aliuona mkono wake mwenyewe ukiwa wazi, mara ya kwanza tangu lile shimo, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeonyeshwa mtoto wake aliyepotea. Kisha ukajifunga. Ulijifunga mbele yetu, akiushika kwa mkono wa kushoto, akiuvuta na kuulilia, "La, la, ngoja, ngoja!" Nami nikaushika. Tuliuvuta wanaume wawili na tukashindwa.

Nimefundisha watoto miaka kumi na minne, uongo naujua kwa harufu. Hakuna mtu anayeweza kuigiza uso ule.

Alipopoa akaniuliza, "Ulikuwa wazi kweli?"

"Ulikuwa wazi."

"Basi Filister hakusema uongo."

"Wala wewe," nikamwambia. Akacheka na kulia kwa pamoja, nami sikujua nitazame wapi, nikamtafutia taulo.

Nilikuambia hakuna mlango wa tatu. Nilikosea, na kosa langu limekufukuzia mume. Nisamehe. Analala chumba cha mwalimu Ongeri, ambaye ameenda kwao Kisii, kwa hivyo mila haijavunjika sana. Milka anamlisha. Hataki kurudi bado. Anasema hawezi kukukabili.

Dishon


Masara,
7 Aprili 1996

Kaka Dishon,

Nilisoma barua yako nimesimama barabarani, nikakaa chini pale pale. Mungu ni mwema! Ni mzima, na si mwongo. Nimerudia maneno hayo siku nzima hadi Achieng' akaniuliza naongea na nani.

"Tangu lini?" Aliniuliza hivyo, Kaka, nami nikadhani anajitetea. Kumbe alikuwa ananiuliza kweli. Alitaka kujua tangu lini mkono wake unafunguka, kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kuuona.

Nimeenda kwa Daktari Gichana nikamweleza yote. Hakushangaa. Alisema amewahi kumwona mama aliyepotewa na sauti baada ya mtoto wake kuzama, koo likiwa halina kidonda hata kimoja. "Ukiniuliza kama ni ugonjwa wa kweli, ndiyo," akasema. "Ukiniuliza utaondoka lini na kwa dawa gani, nitakuwa nabahatisha. Ila msimlazimishe."

Ningekuja leo, lakini Achieng' ana surua, siwezi kumpandisha mashua. Mirumbe atakuja badala yangu. Anasema mkono ule bado unamshika yeye, kwa hivyo yeye ndiye wa kwenda kuuambia uachie. Hasubiri hata nauli, ameanza kufunga mzigo.

Mwambie Boaz simtaki awe na mkono wazi kwanza. Namtaka tu.

Filister


Mfangano,
19 Aprili 1996

Dada Filister,

Mirumbe alifika ufukwe wa Sena Jumamosi, ametapika njia nzima. Watu wa ng'ombe na maji, wapi na wapi! Lakini alipopata uji akasimama, akataka jambo lifanyike mara moja.

Nakiri nilikuwa na matumaini makubwa. Nilijiambia: mkono ulifungwa kwa sababu ya kumshika Mirumbe, basi Mirumbe akionekana salama, sababu imeondoka, na lililoletwa na sababu litaondoka nayo. Nilikuwa nimerudi kwenye springi yangu, unaona.

Walisimama uwanjani kwetu, wanatazamana. Mirumbe akaishika ile ngumi kwa mikono yote miwili. "Ndugu yangu," akasema, "niko juu. Nimekanyaga ardhi. Nimekula. Wanangu wana baba. Achia sasa."

Boaz alitokwa na machozi. Mimi nilitokwa na machozi. Milka aliacha kuku wakala mahindi ya kupanda. Sote tulisubiri. Mkono haukutikisika.

Mirumbe alingoja sana, kisha akasema kwa unyonge, "Labda haujui Kiswahili," akauambia tena kwa Kikuria. Boaz akaangua kicheko. Sijamsikia akicheka vile tangu siku ya harusi yenu. Tulicheka hadi tukashika mbavu, na mkono ukabaki vile vile.

Jioni nilikaa nikiwaza. Kwamba kamba ile ndiyo iliyoufunga mkono wa Boaz, sina shaka tena, kama nisivyo na shaka kwamba jiwe huvuta springi. Lakini siwezi kusema kwamba kamba za namna ile hufunga mikono. Mirumbe alishika kamba hiyo hiyo. Sababu ninaiona, kanuni siioni, na nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba pasipo ya pili hakuna ya kwanza. Ndiyo maana nilimwita mtu mkweli mwongo.

Nimemwambia Boaz hatutajaribu kitu kingine. Abaki, ale, atembee ziwani.

Achieng' vipi?

Dishon


Mfangano,
2 Mei 1996

Filister!

Umefunguka.

Nitakusimulia vile ilivyokuwa, na utakasirika kwamba ni jambo dogo hivyo. Jana asubuhi Milka na Boaz walikuwa wamekaa barazani wanamenya njugu za mbegu, mvua imeshanyesha na shamba linangoja. Boaz humenya kwa kubana njugu kati ya ngumi na kidole gumba cha kushoto, anachelewa, Milka humtania. Walikuwa wanabishana kama samaki wa Muhuru Bay ni watamu kuliko wa hapa. Milka akasema wa kule mpakani hunuka Tanzania. Boaz akaanza kumjibu. Milka akaweka ungo chini.

"Shemeji," akasema, "unamenya kwa mikono miwili."

Boaz akatazama chini. Vidole vyote vya kulia vilikuwa vinafanya kazi, kiganja kimejaa maganda. Hakujua ni tangu lini. Milka naye hajui, alikuwa anatazama ungo. Labda ilikuwa muda mrefu! Alitupa njugu zote uwanjani akasimama, akaukunjua, akaukunja, akaukunjua. Akaja mbio hadi nilipokuwa naoga, akagonga bati, "Yuora, toka! Toka!" Nikatoka na sabuni machoni.

Sasa kila mtu atadai ni yeye. Shangazi Benta atasema ni omena zake. Mirumbe, ambaye amesharudi kwenu, atasema Kikuria kiliuingia mkono polepole. Mchungaji wenu atasema mafuta, na Milka anajisifu kwa njugu. Mimi nimeulizwa na walimu wenzangu, wewe mtu wa fizikia, ni nini? Nimewajibu sijui, na ajabu ni kwamba nimelala usingizi mzuri baada ya kusema hivyo.

Namwachia kalamu.

Dishon

*Nyar Kendu, binti wa watu wa Kendu, ni mimi Boaz naandika kwa mkono wangu wa kulia. Samahani kwa mwandiko. Nilikwenda bila kukuaga. Ulinikata kucha hata ulipodhani nakudanganya. Kwa sababu hiyo peke yake narudi. Nakuja na mashua ya Jumatatu. Shimoni sirudi, nimeshamwambia Mirumbe, naye pia hataki. Tutaona la kufanya. Mwambie Achieng' baba anakuja. Boaz.*


Masara,
16 Juni 1996

Kaka Dishon,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka niwe na hakika kwanza.

Boaz alifika vizuri. Achieng' amepona, amebaki na madoa kidogo tu. Boaz na Mirumbe wamekodi shamba karibu na mto, wanapanda sukumawiki na nyanya, na jioni wananiletea za hotelini na kugombana ni nani aliyemwagilia zaidi. Mchungaji alimsimamisha Boaz kanisani atoe ushuhuda. Boaz akasema, "Mungu aliufungua, lakini hakuniambia kwa nini siku ile," akakaa. Watu wakapiga makofi hivyo hivyo.

Kuna mama hapa, mguu wa binti yake umekufa ganzi tangu mchumba alipomwacha. Amekuja akitaka nimwambie tulifanya nini, naye afanye vivyo hivyo. Nilimwambia yote, kamba, mashua, njugu. Akanitazama kama ninayemficha dawa. Mwishowe nilimwambia maneno mawili tu: binti yako haigizi, na usimwache peke yake. Akaondoka analia, lakini nadhani alilia vizuri.

Nikuambie la Boaz. Wiki za kwanza alikuwa anaogopa kulala. Aliogopa kuamka aukute umefungwa tena. Aliomba niufunge kitambaa, nikakataa. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho sawasawa, aliuinua mkono mbele ya uso wake, akaukunjua, akahesabu vidole kwa sauti ya chini, ndipo akapumua. Mimi nilijifanya nimelala. Nilipumua pamoja naye.

Leo asubuhi aliamka, akajikuna mgongo, akaniuliza chai iko wapi. Hakuutazama mkono. Alikunywa vikombe viwili, akachukua jembe, akatoka, na mpaka ninapokuandikia hajakumbuka kwamba alisahau.

Sitamkumbusha.

Dada yako,
Filister